Kumbukumbu Iliyoishia Kalenga: Bwana Sakarani na Njia ya Idodi

Mwaka 1914 palitoka mjini Berlin kitabu cha afisa wa Kijerumani Tom von Prince, Gegen Araber und Wahehe, yaani "Dhidi ya Waarabu na Wahehe". Jina lake la pili latamka kwamba hizo ni kumbukumbu za miaka ya uluteni wa mtunzi katika Afrika Mashariki, tangu 1890 hadi 1895. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, mtunzi aliuawa katika vita vya Tanga, Waingereza walipojaribu kuuteka mji kutoka baharini. Kitabu na kaburi la mwenyewe vina tarehe ya mwaka mmoja.

Wasomaji wa historia hukiendea kitabu hiki kwa yale kinayoyasema. Msomaji wa fasihi ana haki ya kukiendea pia kwa pale kinapokomea. Kampeni iliyomfanya Prince ajulikane zaidi katika nyanda za juu za kusini, ile ya kumsaka Mtwa Mkwawa katika milima na mabonde ya Uhehe tangu 1896 hadi 1898, imo nje ya miaka aliyoichagua kuisimulia. Kamanda alisimulia ngome, akauacha mlima. Pengo hilo halitokani na kalenda peke yake. Limo ndani ya utanzu wenyewe wa kumbukumbu za kijeshi, nalo lina la kuwafundisha watunzi wa tenzi wa upande huu wa pwani.

Wenyeji walimwita Prince "Bwana Sakarani". Neno ni la Kiarabu, nalo halihitaji kufasiriwa kwa watu wa pwani: sakarani ni mlevi. Hakuitwa hivyo kwa ajili ya chupa. Aliitwa kwa ajili ya namna alivyoingia vitani, kama mtu asiyepima hatari. Jina limedumu kuliko utawala uliolizaa, kwani hata leo shamba lake la zamani katika milima ya Usambara, karibu na Soni, huitwa Sakharani. Kwa mhakiki jina hili ni ufunguo. Kumbukumbu za mtu aliyesifiwa kwa kukurupuka zinahitaji mahali pa kukurupukia: lango, ukuta, mnara, bendera ya kuteremsha na nyingine ya kupandisha. Shujaa wa namna hiyo hawezi kuonekana vyema katika vita visivyo na lango.

Utanzu huu si mgeni kabisa kwa msomaji wa Kiswahili. Utenzi wa vita nao una desturi zake: dua ya ufunguzi, sababu ya ugomvi, majina ya mashujaa, mapambano moja baada ya jingine, na hatima inayotoa funzo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliufuata mwendo huo katika utenzi wake wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, akazieleza habari za 1888 na baada yake kwa jicho la mtu wa upande ulioshindwa. Kumbukumbu za kamanda hazina dua wala vina, lakini zina mpangilio unaofanana nao: safari, pambano, ushindi, pambano jingine, ushindi mkubwa zaidi. Tofauti kubwa ni mwisho. Mtunzi wa utenzi huumaliza kwa kumkabidhi Mola mambo yaliyomshinda. Kamanda hana pa kuyakabidhi yaliyomshinda, kwa hiyo huchagua kuhitimisha kabla hayajafika.

Huenda msomaji wa kisiwani akauliza, milima ya Iringa inamhusu nini mtu wa bahari? Jibu limo katika jina la kitabu lenyewe, ambalo limewafunga Waarabu na Wahehe katika kamba moja. Limo pia katika maisha ya mtu mmoja aliyemtangulia Prince katika njia hiyo. Emil von Zelewski, ambaye watu wa Mrima walimpa jina la "Nyundo", ndiye aliyekuwa wakala wa Kampuni ya Kijerumani mjini Pangani mwezi wa Agosti 1888, na vitendo vyake vya dharau huko vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha moto uliomtoa Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hata miaka miwili haijatimia, Nyundo akauongoza msafara wa kijeshi kupanda Uhehe, na huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, akauawa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Habari iliyoanzia bandarini Pangani ilipata jibu lake kwenye vichaka vya nyanda za juu. Anayeusoma utenzi wa Hemedi bila kupanda hadi Lugalo ameisoma nusu ya habari.

Lugalo yafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndipo ardhi ilipoanza kusema. Msafara ulikuwa umejinyoosha katika mstari mmoja mwembamba, askari, wapagazi, punda na mizinga, katika njia isiyopitisha watu wawili bega kwa bega. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani kando ya njia. Kwa muda mfupi mno waliangamia Wajerumani kumi, askari wapatao 250 na wapagazi karibu mia, na bunduki za jeshi zikawa mali ya Mkwawa. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Somo la kijeshi lilikuwa wazi: katika nchi ya miinuko, njia ndiyo inayolipanga jeshi. Mizinga iliyoogofya miji ya pwani kutoka merikebuni, pale haikupata hata nafasi ya kugeuzwa.

Ndipo inapokuja Kalenga, kilele cha kitabu cha Prince. Tarehe 30 Oktoba 1894, jeshi la Gavana Friedrich von Schele liliivamia na kuitwaa ngome ya Mkwawa, Prince akiwa miongoni mwa maofisa waliokuwa mstari wa mbele. Kalenga ilikuwa na ukuta wa mawe, uliojengwa kwa kazi ya miaka, mahali pa wazi kando ya Ruaha Mdogo. Kwa mtu wa milimani, kujenga ukuta mkubwa kwenye uwanda kulikuwa ni kumpa adui kitu anachokijua. Kwa mtunzi wa kumbukumbu, ukuta huo ulikuwa zawadi. Una nje na ndani, una saa ya kuanza na saa ya kwisha. Aliyekuwa nje asubuhi yumo ndani mchana, na msomaji wa Berlin haitaji ramani kuelewa nani kashinda.

Mwezi wa Januari 1893 Prince alikuwa amekwisha kulipata tukio la namna hiyo huko Tabora, alipoiteka boma ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike, alipoona mambo yamekwisha, alijilipua ndani ya ghala la baruti. Yafaa mhakiki aliweke tukio hilo moyoni, kwani mshindi aliingia ngomeni akakuta mwenye ngome amekwisha kujichagulia mwisho wake. Kwa Isike bado palikuwa na ukuta ulioanguka wa kuthibitisha ushindi. Kwa Mkwawa hapakuwa na hata huo.

Mkwawa hakuwamo katika maiti za Kalenga wala katika mateka wake. Alitoka, na kwa kutoka kwake vita vikabadili tabia. Mwaka 1896 Prince alirudi, akajenga kituo cha jeshi mahali palipokuja kuwa mji wa Iringa, jina linalotokana na neno la Kihehe "lilinga", maana yake ngome. Mwishoni mwa mwaka huo Wajerumani walimtawaza Mpangile, ndugu wa Mkwawa, wakidhani watu watamfuata. Haikupita miezi mingi wakamshuku kuwa anamsaidia kaka yake kwa siri, wakamuua mwaka 1897. Miaka kama miwili ilipita katika msako. Jeshi lilichoma mashamba na maghala, likatwaa ng'ombe, likawashika jamaa za mtu aliyetafutwa. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa kichwa chake. Pamoja na hayo yote, chakula kiliendelea kumfikia na habari za doria ziliendelea kumtangulia.

Ili kuielewa shida ya kamanda, msomaji wa pwani anahitaji kuiona nchi yenyewe. Uhehe ni uwanda ulioinuliwa. Mji wa Iringa uko kiasi cha mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini na mashariki imesimama milima ya Udzungwa, ambayo vilele vyake hupita mita 2,500, yenye misitu minene, ukungu na mvua. Upande wa kaskazini na magharibi ardhi huporomoka kuelekea bonde la Ruaha Mkuu, na huko chini, kwenye njia ya leo iendayo Mbuga ya Taifa ya Ruaha, ndiko iliko Idodi. Ni nchi ya mibuyu, ya joto, ambako mpunga hulimwa kwa maji ya kumwagilia. Mtu anayeondoka Iringa asubuhi na mapema akiwa amejifunika blanketi, akifika Idodi hulivua. Umbali kati ya baridi hiyo na joto hilo ndio uliokuwa uwanja wa vita.

Vita vya milimani vina sheria ambazo makamanda wa nchi nyingi wamezikiri. Katika milima ya Alps, baina ya 1915 na 1918, Wataliano na Waaustria walipoteza watu kwa maporomoko ya theluji na kwa baridi, mbali na risasi. Huko Kargil mwaka 1999, majeshi ya India yalilazimika kupanda kuelekea kwa adui aliyewatangulia juu, mahali ambapo hewa ni haba na kila hatua ni mzigo. Uhehe haina theluji, wala hewa yake haimkoseshi mtu pumzi kiasi hicho. Hata hivyo sheria ni zilezile kwa kipimo kidogo. Anayepanda huonekana kabla hajaona. Chakula hakipandi mlima chenyewe, na kila mtu mmoja wa bunduki anahitaji watu wengine wa kumbebea. Ukungu humfanya mwenye macho mazuri awe sawa na kipofu. Taarifa ya jana kuhusu alipo adui haina thamani leo, kwa kuwa bonde moja lina njia kumi na mwenyeji anazijua zote. Juu ya yote, kiongoji ni wa nchi ile, na moyo wake hausomeki.

Katika mazingira hayo, ustadi wa Bwana Sakarani haukuwa na kazi. Ukurupukie nini, ikiwa mbele yako pana jabali, nyuma yako pana korongo, na moto uliouona jana usiku umebaki majivu? Hapa ndipo utanzu wa kumbukumbu za kamanda unapofikia ukomo wake. Unataka mfululizo wa sababu na matokeo, mtendaji akiwa ni yeye asemaye. Msako wa milimani huwa mlolongo wa doria zinazorudi mikono mitupu, na doria mia zisizopata kitu haziwezi kusimuliwa mara mia.

Haki inataka isemwe kwamba Prince alikuwa na udhuru wa wazi. Aliahidi miaka ya uluteni, na ahadi aliitimiza. Inawezekana pia kwamba risasi ya Tanga ilimzuia mtu ambaye angeandika zaidi. Mhakiki asimhukumu maiti kwa kitabu ambacho hakukiandika. Ila uchaguzi wa mipaka ni uchaguzi wa kisanaa, awe mtunzi amekusudia au hakukusudia. Tangu kufa kwa Mkwawa hadi 1914 ilipita miaka kumi na sita, muda wa kutosha kwa mtu kuamua ni sehemu gani ya maisha yake anaitaka isomwe kwanza. Aliichagua ile iliyo na malango.

Kumlinganisha na kamanda mwingine kutalidhihirisha jambo hili. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Kijerumani katika nchi hizihizi tangu 1914 hadi 1918, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920, na sehemu kubwa ya habari yake ni kurudi nyuma, kuvuka mito, kujificha na kuponyoka. Kitabu chake hakikukwama, ingawa nacho kina mapengo makubwa kuhusu wapagazi na vijiji vilivyonyang'anywa chakula. Sababu ni moja: Lettow alikuwa mwindwa. Anayewindwa akaponyoka ana kisa kila siku. Anayewinda akakosa hana kisa, ana ripoti tu. Katika Uhehe ya 1896 hadi 1898, mwenye kisa alikuwa Mkwawa, naye hakuandika.

Pengo lililoachwa na mume lilikuwa limekwisha kujazwa na mke. Magdalene von Prince alikwenda Uhehe pamoja na mumewe mwaka 1896, na mwaka 1903 alichapisha kitabu chake kwa namna ya shajara, kuhusu maisha ya mwanamke wa Kijerumani katika bara ya Afrika Mashariki. Shajara haihitaji kilele. Yatosha siku ipambazuke na ikuche. Humo bustani, nyumba inayojengwa, wageni na maradhi vinakaa karibu na habari za doria zilizotoka na zilizorudi, na kungoja kunakuwa tukio lenyewe. Kwa sababu hiyo shajara ya Magdalene, pamoja na upungufu wake wote, inaukaribia ukweli wa vita vya milimani kuliko kumbukumbu za kamanda. Inauonyesha wakati ukipita bila kitu kutokea.

Upungufu huo nao usifichwe. Jicho la shajara ni la bomani. Linamwona Mhehe anapofika mlangoni, akiwa ameleta habari, ameomba amani au amefungwa kamba. Halimfuati anaporudi kwenye shamba lililochomwa. Njaa ya watu wa nchi inatajwa kama hali ya hewa inavyotajwa. Kitabu cha tatu, Die Wahehe cha Ernst Nigmann, kilichotoka mwaka 1908, kiliandikwa na afisa mwingine wa Iringa, nacho kinajaribu kuwaeleza Wahehe kwa mila, utawala na vita vyao. Kina manufaa makubwa kwa mtafiti. Lakini kamusi ya watu iliyoandikwa na mwenye bunduki ina kasoro yake: kila ukurasa unajua tayari nani alishinda.

Vitabu vyote hivyo huelekea mahali pamoja ambapo hakuna hata kimoja kinachopamiliki. Kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini Iringa, kandokando ya njia inayoteremka kwenda Idodi, ipo Mlambalasi, mahali pa majabali na mapango ambapo binadamu wameishi tangu zama za mawe. Hapo ndipo Mkwawa alipojiua kwa bunduki mwezi wa Julai 1898. Tarehe 19 doria ya Sajini Merkl ilifika, ikiwa imeongozwa na kijana aliyekamatwa njiani. Waliona watu wawili wamelala chini. Waliogopa kusogea, wakalenga kwa mbali, wakapiga. Walipokaribia walikuta wamewapiga maiti.

Msomaji wa tenzi atakuwa amekwisha kushtuka, kwa kuwa taswira hii anaijua. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, uliohifadhiwa kwa mkono wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, shujaa aliyechomwa kitovuni na mwanawe alipiga goti karibu na kisima, uta mkononi, mshale umewekwa tayari, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai. Liyongo alikufa akaendelea kuogopwa. Mkwawa alikufa akaendelea kupigwa risasi. Huyu alikuwa wa ngano za pwani ya kaskazini, yule wa historia iliyoandikwa kwa tarehe, na hakuna haja ya kudai kwamba kisa kimoja kimezaliwa na kingine. Linalofanana ni hofu ya walio hai. Mshindi asiyethubutu kumkaribia maiti hajakamilisha ushindi wake, na simulizi yake haina mstari wa mwisho.

Yawezekana ndiyo sababu kichwa kilikatwa. Kamanda aliyekosa mateka alihitaji ushahidi, na kichwa kikapelekwa Iringa. Fuvu lililotajwa kuwa la Mkwawa lilikuja kupata kifungu chake, cha 246, katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ukiitaka Ujerumani iliwasilishe kwa Serikali ya Uingereza. Halikurudi hadi tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la Tanganyika na baadaye la Tanzania. Isike na Mkwawa, wapinzani wawili wa kamanda mmoja, kila mmoja alimnyima sura ya mwisho ya kitabu. Wa kwanza aliificha katika moshi wa baruti. Wa pili aliibeba hadi mlimani, na ikabaki huko kwa zaidi ya nusu karne, fuvu likiwa Ulaya na kiwiliwili kikiwa Mlambalasi.

Hadi hapa mazungumzo yamekuwa ya makamanda na watawala. Lipo kundi jingine lililopanda mlima, na hilo lawagusa wasomaji wa ukurasa huu kuliko wote. Majeshi ya Kijerumani yalikuwa ya Wasudani, ya Wamanyema, ya Wanyamwezi, na pia ya watu wa Mrima. Mizigo ya ratili sitini hivi ilipanda kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Kiswahili ndicho kilichotumika kambini, katika kuamrisha, kugawa posho na kuulizia njia. Mtu wa pwani hupenda kujikumbuka kama Abushiri, na ana haki ya kujivunia. Lakini katika mstari mwembamba wa Lugalo walikuwamo pia wana wa nchi, na waliokufa pale na mizigo vichwani hawakuwa na ugomvi wowote na Mkwawa. Baridi ya Uhehe iliwapata wao kwanza, kwa kuwa walikuwa na nguo chache zaidi. Katika kumbukumbu za kamanda wanahesabiwa kwa jumla. Katika utenzi wa Hemedi hawamo, kwa kuwa hadithi yake ni ya Mrima. Wameanguka katikati ya tanzu mbili.

Fasihi ya Kiswahili ya baada ya uhuru ilianza kuyajibu mambo haya. M. M. Mulokozi aliandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, iliyochapishwa mwaka 1979, na kwa kazi hiyo mtu ambaye katika vitabu vya Wajerumani alikuwa mwindwa akapewa jukwaa na kinywa. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo jukwaa nalo lina mipaka yake. Tamthilia huwakusanya watu mahali wakasema: barazani, ngomeni, mbele ya adui. Mlima haukusanyi. Unatawanya. Njia ya kuporomoka kwenda Idodi, yenye mtu mmoja mgonjwa, wafuasi wanaopungua na moto usiothubutu kuwashwa, ni vigumu kuipandisha jukwaani bila kuigeuza kuwa maneno juu yake.

Utenzi, kwa umbo lake, ungeweza kazi hiyo. Ubeti wa mistari minne mifupi una mwendo wa hatua. Kina kinachojirudia mwishoni mwa kila ubeti kinafanana na mtu apandaye, anayesimama, akapumua, akaendelea. Utenzi umekwisha kubeba safari ndefu, kungoja na msiba bila kuchoka. Linalokosekana ni msamiati wa mlima kuingia katika damu ya mtunzi wa pwani. Bahari imempa kila kitu: tanga na nanga, kusi na kaskazi, maji kujaa na maji kupwa. Genge, korongo, ukungu na kilele amevitumia aghalabu kama mifano tu, mlima ukisimama badala ya shida au cheo. Mlima wa kweli, wenye baridi inayokakamaza vidole na njia inayoteleza, bado ni mgeni katika mizani zetu za kale.

Kwa mtunzi anayetaka kuithubutu kazi hiyo, vitabu vya Prince, Magdalene na Nigmann ni malighafi ya lazima, naye avisome bila woga wala unyenyekevu. Humo atapata tarehe, majina na hesabu. Asitafute humo sauti, maana sauti ziko kwengine: kwa wazee wa Uhehe wanaosimulia kwa Kihehe chao, kwa majina ya mahali ambayo kila moja ni kumbukumbu fupi, na kwa umbo la nchi lenyewe, kuanzia Lugalo hadi Kalenga, kuanzia Kalenga hadi Mlambalasi. Naye asiwaache wapagazi. Utenzi utakaompandisha Mkwawa mlimani ukawasahau waliombebea adui yake mizigo, utakuwa umerudia kosa la kamanda kwa vina vizuri zaidi.

Thamani ya Gegen Araber und Wahehe haipungui kwa kusomwa hivi. Ni ushahidi wa mtu aliyejua kupigana na aliyejua pia, au alihisi, mahali ambapo ujuzi wake haukutosha kuwa hadithi. Kitabu kinakoma mwaka 1895, ukuta wa Kalenga umekwisha kuanguka na bendera imepanda. Njia ya kwenda Idodi inaanzia hapo, na bado haijapata mtunzi wa kuiteremka hatua kwa hatua.